Kucha za Ukoo wa Mzee Kosmas

Ta!

Hiyo ndiyo sauti. Ukucha wa kidole gumba cha mguu ulikatwa kwa koleo, ukaruka, ukagonga ukingo wa kibakuli cha chuma, ukaniingia kwenye nywele. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ufagio. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini, na kitu cha kwanza nilichopokea katika kituo kile cha afya ni ukucha wa mvuvi.

"Usijikung'ute!" daktari akapiga kelele. "Dada, tafadhali, tulia hivyo hivyo. Huo ni wangu."

Mvuvi, aliyepanda milima yote kutoka ziwani kwa ajili ya mguu ule, akamkata jicho. "Wako tangu lini? Mimi ndiye niliyeukuza."

Wadogo zangu wa kliniki ya ngozi, siku mliyoniaga mlisema niandike kidogo, msije mkasahau tulikotoka. Haya, naandika. Vyeo na mishahara nimeviruka. Vyeo sikuwa navyo vya kujaza mstari, na mshahara mnaujua, maana na wenu ndio huo huo. Mimi ni wa darasa la saba, kwa hiyo msitafute humu maneno makubwa. Umri umesema nipumzike, nami nimeutii, ila moyo bado unaruka kamba.

Yule daktari wa ukucha alikuwa Daktari Shabani, mtu wa Tanga, aliyeletwa na serikali kwenye baridi yetu ya Mbinga bila kuulizwa. Kuanzia mwezi wa sita alivaa sweta mbili chini ya koti jeupe, akawa anatembea kama kabati. Alikuwa anaswali kwenye stoo ya dawa, katikati ya maboksi. Sikukuu ya Idi sisi Wakatoliki wa kituo ndio tuliompikia pilau. Aliila kwa adabu zote, lakini nilimwona akiipekua kwa kijiko, anatafuta viungo.

Kutoka kwenye ufagio nilifikaje kwenye kucha? Mhudumu aliyekuwa akimsaidia hakupenda miguu ya watu. Daktari akaniuliza, "Wewe je, unaogopa miguu?"

"Ya kwangu naitumia kila siku, Daktari."

"Basi nawa mikono uje."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa mara ya pili. Akanionyesha vyombo: koleo la kucha, kisu kidogo butu cha kukwangulia, spiriti, vioo, chupa ya potasi ya kulainishia kucha, na hadubini iliyofunikwa kwa kitambaa kama mtoto aliyelala. Nawaandikia alivyonifundisha, kwa sababu nimewaona baadhi yenu mnavyoharakisha. Futa kwanza kwa spiriti. Unga wa juu ya ukucha uache, huo ni makapi. Fangasi aliye hai yuko ndani, pale ukucha ulipoachana na nyama. Kwangua taratibu hapo, unga udondokee kwenye kioo, weka tone la potasi, funika, halafu subiri unga ulainike. Wengi wanaosema "sijaona kitu" hawakusubiri.

Siku aliyoniruhusu kuweka jicho niliona nyuzi nyembamba zimetawanyika, zinagawanyika na kukutana tena. Mimi ni mtu wa kuota ndoto mchana. Niliona mito, nikauona Ruhuhu wenyewe unashuka kuingia ziwani, nikawa nautafuta mtumbwi.

"Unaona nini?" akauliza.

"Mito, Daktari."

Hakunicheka. "Vizuri. Sasa huo mto umeota kwenye ukucha wa mtu, na mtu mwenyewe anaona aibu kuvua viatu kanisani."

Lakini somo lake kubwa halikuhitaji chombo chochote. Kila mgonjwa alimuuliza swali moja: "Kwenu nani mwingine?" Akiambiwa "mama" au "kaka yangu", alitaka waje wote. Alikuwa ameona jambo muda mrefu, nami nikaanza kuliona kwa macho yangu. Nyumba ni moja, bafu moja, beseni moja, mkeka mmoja. Baba ana kucha nene za njano, watoto wanamfuata mmoja mmoja, mama hana hata doa. Nyumba nyingine mgonjwa ni mama na watoto wake, baba ndiye aliyesalimika. Wanalala kitanda kimoja miaka na miaka, ugonjwa unamruka kama haumwoni.

"Fangasi harithiwi, mwanangu," aliniambia. "Yuko kila mahali, kwenye matope, kwenye sakafu ya bafu, ndani ya viatu. Kinachorithiwa ni ule mwili unaomkaribisha. Miili mingine inamfukuza, mingine inampa kiti."

"Na tunajuaje mwili upi ni upi?"

"Kipimo chake hapa hatuna. Tuna macho, na tunauliza."

Tulikuwa tunauliza, basi. Milimani na ziwani. Tulijibiwa mengi, na tuliona tiba za kila aina: majivu, mafuta ya taa, na mzee mmoja alikuwa ametia maji ya betri akaunguza kidole chote. Alituambia kwa fahari kwamba fangasi amekufa. Kweli alikufa. Na ngozi ilikufa pamoja naye.

Sasa nifike kwa Tekla, maana kama ningeruhusiwa kuandika siku moja tu ya kazi yangu yote, ningeandika ya kwao.

Tekla alikuwa mwanamke wa ziwani, kwao Chiwanda, ameolewa milimani kwetu, huko Ukata. Alikuja na binti yake Anjela, aliyekuwa bado hajaanza shule. Mtoto alikuwa na mabaka ya duara mgongoni, kingo zake zimenyanyuka zinawasha, na kucha za miguu zimevimba zinachanika kama ganda la mti. Nikakwangua, Daktari akaweka jicho, akaona mito yangu. Akauliza swali lake.

"Kwenu nani mwingine?"

"Baba yake, Benedikto," Tekla akasema. "Na shangazi yake. Na mdogo wake huyu naona anaanza."

"Na wewe mwenyewe?"

Tekla akavua ndala. Kucha zake zilikuwa safi, unaweza kuzitia kwenye picha. Akazitazama kama mtu anayetazama deni. "Mimi sina kitu, Daktari. Ndiyo kesi yangu hiyo."

Akatueleza. Nyumba ya mkwe wake, Mzee Kosmas, bado wanashika sengu. Kwa wageni wetu: sengu ni kula pamoja kwa babu. Kila mke wa mwana anapika kwake, analeta chungu chake, wanakula pamoja, na mambo ya ukoo yanasemwa hapo hapo. Chungu cha Tekla kilikuwa hakiguswi. Kilikuwa kinarudi kilivyokwenda. Mama mkwe, Bibi Skola, alikuwa amesema mbele ya wote kwamba ugonjwa umetoka ziwani, umeletwa na mchanga na samaki wa Tekla.

"Nikawaambia, mbona mimi mwenyewe sina? Wakasema, mchawi hajirogi." Akamvuta mtoto karibu. "Kahawa ikishavunwa narudishwa kwetu. Watoto wanabaki kwa baba yao."

Anjela akainua uso. "Mama, na nani ataninyoa nywele?"

Mimi niligeuka nikaanza kupanga vioo ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa sweta. "Mwambie mzee tutakuja kuangalia miguu. Si yako tu. Ya wote, wa damu na wa kuja."

Tulikwenda kwa pikipiki ya kituo siku ya Jumapili, baada ya misa, siku ambayo ukoo wote unakuwepo. Tulifika vyungu vinafika. Mke wa kaka mkubwa wa Benedikto, Mama Faustini, alileta maharage. Tekla alileta usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, amewaunga na nyanya. Chungu chake kiliwekwa pembeni, karibu na kuku. Mzee Kosmas alikaa kwenye kigoda chake, mrefu, mpole, amevaa suti ya kanisani na mabuti ya mpira ya shambani.

"Shikamoo babu," nikasema.

"Marahaba mjukuu. Karibuni. Daktari, umekuja kutukata miguu?"

"Kuitazama tu, mzee wangu."

Tukaanza. Bibi Skola akavua viatu wa kwanza, kwa kiburi. Miguu yake ilikuwa imepasuka kwa kazi, lakini kucha safi. "Mmeona? Mimi nimezaa saba humu na sikuwahi kuugua. Mambo haya yamekuja na huyu." Mama Faustini naye, safi. Tekla, safi. Kisha wa damu. Benedikto alikuwa na kucha nene vidole vyote. Dada yake vivyo hivyo. Kaka mkubwa alikuwa na mbili. Watoto wengine wanazo, wengine hawana.

Nilimtazama Daktari, naye akanitazama. Picha ilikuwa wazi kama mchana, imebaki pengo moja juu kabisa. Mzee Kosmas akakunja miguu chini ya kigoda.

"Mimi ni mzee," akasema. "Miguu yangu iko salama. Angalieni vijana."

"Baba hajawahi kuvua mabuti mchana," Benedikto akanong'ona. "Hata kwenye harusi yangu."

Daktari angeweza kumlazimisha kwa koti lake jeupe. Hakufanya hivyo. Alinisogezea tu beseni la maji ya kunawa kwa mguu wake, akatazama pembeni kwenye mibuni. Nikaelewa. Nikapiga magoti mbele ya mzee.

"Babu, jifanye ni Alhamisi Kuu, unaoshwa miguu kanisani."

Akanitazama, akaanza kucheka kifuani, kama mtu asiyetaka kucheka. "Yaani wewe ndiye padri?"

"Leo tu, babu. Ukinikatalia nitalia, na mimi nikilia sinyamazi."

Akatazama kile chungu kilichokaa na kuku. Halafu akanipa mguu.

Nikavuta buti, nikavuta soksi, na mjukuu mmoja akapiga ukelele, "Babu ana kucha za bluu!"

Kweli zilikuwa bluu. Zilikuwa nene, zimejipinda, zimepakwa mrututu, ile dawa ya bluu tunayopulizia mibuni ikishikwa na chulebuni. Chulebuni, kwa asiyelima, ni fangasi wa kahawa, anayeozesha buni ikiwa bado mbichi mtini. Mzee wa watu alikuwa anajitibu kama anavyotibu shamba.

"Skola," akamwambia mkewe, "nilikudanganya. Nilikuwa nakwambia dawa imenimwagikia kwenye buti."

Bibi Skola akaweka mikono kiunoni. "Miaka yote hiyo, Kosmas? Inamwagikia kwenye kucha tu? Na mimi nikaamini!"

Watu wakaangua kicheko, lakini mzee alikuwa hacheki tena.

"Hizi ni za mama yangu," akasema taratibu. "Alikuwa nazo hivi hivi. Walimsema sana. Alikuwa anakula peke yake, na mimi nilikuwa mdogo, sikuweza kumsaidia. Nilipoziona kwangu nikavaa mabuti. Nimekaa ndani ya mabuti nikasikia huyu binti anasemwa yale yale, nikanyamaza. Tekla, mwanangu, hukuleta kitu. Ulikikuta."

Mrututu ule Daktari aliukataza hapo hapo, unaunguza ngozi na kucha hauzisaidii. Kisha akajaribu kueleza mambo ya kurithi, na hapo Mtanga akaonekana. Alianza na minazi: kuna mnazi huu na mnazi ule. Akatazamwa na ukoo mzima wa Wamatengo wanaojua nazi ya dukani tu.

"Nazi inaota kucha?" mtoto mmoja akauliza.

Mzee Kosmas akamwokoa. "Daktari, ngoja kwanza. Unasema hivi. Shamba langu lina kahawa ya zamani na hii chotara waliyotuletea. Mvua moja, ukungu mmoja, mstari kwa mstari. Chulebuni inaingia kwenye ya zamani, chotara inaipita. Ugonjwa hautoki kwenye mbuni. Unakuja na hewa. Ila kuna mbuni unaopokea na mbuni unaokataa, na hiyo iko kwenye mbegu."

"Ewaa!" Daktari akaruka kutoka kwenye kiti. "Ndiyo hiyo hiyo, mzee wangu! Sina la kuongeza."

"Basi sisi ni kahawa ya zamani."

"Ni kahawa ya zamani," Mama Faustini akadakia, "na sisi wake zenu ndio chotara. Mnatuonea wivu tu."

"Ya zamani ndiyo tamu," mzee akajibu, na hapo kicheko kilichotoka kiliwatimua kuku kwenye chungu cha Tekla.

Bibi Skola ndiye hakucheka. Alikuwa amesimama, shingo imemlegea. Sikumwona mbaya siku ile, nawaambia. Alikuwa amewaona wajukuu wake wanaoza vidole, akatafuta mtu wa kumlaumu, akamkuta aliyetoka mbali. Akachukua birika la maji ya kunawa akalipeleka mwenyewe.

"Njoo unawe, mwanangu."

Tekla hakuinuka mara moja. "Mama, nije na kucha hizi hizi safi, au nizichafue kwanza?"

"Njoo nazo," Bibi akasema, machozi yanamtoka. "Njoo nazo hivyo hivyo, mchokozi wewe."

Chungu kikaletwa katikati. Mzee Kosmas, miguu ya bluu nje kwenye jua, akamega ugali, akachovya kwenye usipa kabla ya mtu yeyote. Benedikto akafuata. Akamwambia mkewe, kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "Kahawa ikivunwa tutakwenda Chiwanda wote, kuwasalimia wazee. Na tutarudi wote."

Kuhusu tiba msiwadanganye watu, wadogo zangu. Mabaka ya Anjela yaliisha mapema, lakini kucha ni kazi ya subira: vidonge vya kumeza kwa miezi, na unasubiri ukucha mpya usukume ule mbovu mpaka mwisho. Mabuti yaanikwe juani, kila mtu na ya kwake. Vidole vikaushwe katikati. Na mwambieni mtu ukweli, kwamba mwili unaompa fangasi kiti unaweza kumpa tena, kwa hiyo akiona dalili arudi, asione aibu. Za Mzee Kosmas hazikupona zote. Alikataa kuhangaika, akanunua kandambili, akawa anakwenda nazo mpaka kanisani. Daktari Shabani alihamishwa baadaye, na hadi anaondoka alikuwa anaeleza kurithi kwa kahawa. Minazi hakuitaja tena.

Ila jioni ile ya Ukata ina kipande ambacho sijamsimulia mtu. Daktari alibaki kwa mzee kukwangua kucha zilizosalia, mimi nikatangulia kwa miguu, anikute mbele. Njiani kuna kijito kinakatiza chini ya mibuni. Nilikaa kwenye jiwe nikavua viatu, nikatia miguu kwenye maji yale ya baridi. Miaka yote hiyo nilikuwa natazama miguu ya watu, yangu nilikuwa sijaitazama.

Kidole changu cha mwisho kimelala juu ya mwenzake, kimejikunja kama mtoto anayeona baridi. Mama yangu alikuwa nacho hicho hicho. Nilimzika nikiwa msichana, picha yake sina, na sura yake ilikuwa imeshaanza kunitoka. Nilikuwa nadhani hakuniachia kitu.

Nikainama, nikakishika kile kidole kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Nikakikausha vizuri kwa pindo la kanga, na katikati ya vidole pia, nikavaa viatu.